Punguza Upepo, Nicodemus

Asubuhi hiyo nyumba yetu ya mtaa wa Rhonda ilinuka pasi ya moto na mafuta ya nywele. Truphosa, mke wa mwanangu, alikuwa akipiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Mwenye shati alikuwa mjukuu wangu Sitati. Alisimama pembeni na fulana, akitetemeka kama mtu anayengoja sindano.

"Mama, imetosha," alisema. "Utaichoma."

"Nyamaza. Unataka wakwe waseme tumekutoa kwenye gunia?"

Siku hiyo tulikuwa tunaenda kumwomba Jelagat rasmi. Sitati alimpata hapa hapa Nakuru, kwenye kwaya. Mjukuu wangu haimbi vizuri, kwa hiyo nilijua anaendea kitu kingine. Nyumbani kwa kina Jelagat ni mbele ya Marigat, ukiacha lami na kuingia kichakani.

Mwanzoni tuliahidi kwenda, mvua ikatuzuia. Baada ya hapo baba yake Jelagat alimpigia simu mwanangu Nicodemus. Alizungumza kwa upole, na mkwe akiwa mpole sana, ogopa.

"Watu wa Nakuru, mimi sina ubaya," alisema. "Lakini kama njia ya kwangu inawashinda, mtoto wangu akiolewa huko atarudi kunisalimia vipi? Njooni Jumamosi. Wazee watawangoja mpaka jua lianze kuinama. Msipofika, hayo maneno yaishe."

Sitati alikuwa hajala vizuri tangu siku hiyo.

Nicodemus hakuwa na wasiwasi. Ameendesha malori ya mbao Elburgon tangu hajaota ndevu. Siku hizi ana gari lake, kubwa, four-wheel. Unavuta gia fulani na magurudumu yote manne yanavuta kwa pamoja. Matairi yake yalikuwa mapya, yale ya kawaida ya lami, yanang'aa kama viatu vya mchungaji.

Tulisimama kwenye kituo cha petroli tukiwa tunatoka mjini.

"Boss, jaza upepo," Nicodemus alimwambia kijana wa pampu. "Kaza kabisa. Nina watu na mzigo."

Mzigo ulikuwa zawadi za wakwe: sukari, mablanketi, na sufuria kubwa mpya ambayo Truphosa aliishika mapajani kama mtoto mchanga. Mbele alikaa Makhanu, shemeji yangu mdogo. Yeye ndiye alikuwa msemaji wetu. Alikuwa amevaa koti zito, na jua la Marigat halijui koti.

Lami iliisha. Tukaingia barabara ya vumbi. Tulienda, tukaenda, halafu barabara ikashuka kwenye mto. Lakini mto haukuwa na maji. Ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira.

"Mto wenyewe umeenda wapi?" Makhanu aliuliza.

"Umetupisha," Nicodemus alisema. "Mzee, mimi nimetoa lori la magogo kwenye matope yanayofika magotini. Mchanga ni kitu gani?"

Akavuta gia ya four-wheel. Akakanyaga mafuta. Tukaingia kwa kelele kubwa.

Tulifika katikati. Gari likaanza kuwa zito. Nicodemus akakanyaga zaidi. Gari likalia, likatikisika, likakaa chini kama kuku anayetaka kutaga.

"Haiwezekani," alisema. Akakanyaga tena. Mchanga ukaruka nyuma mpaka juu ya paa. "Haiwezekani! Yote manne yanazunguka!"

"Ndiyo," nikasema. "Yote manne yanachimba. Hata kaburi halichimbwi haraka hivyo."

"Mama, tafadhali."

Alishuka, akazunguka gari, akakuna kichwa. Mimi nilijua anachofikiria. Kule Elburgon lori likikwama, vijana wanapanda nyuma ili uzito ukandamize magurudumu, na dereva anakanyaga bila huruma.

"Nyote kaeni nyuma kabisa!" alisema. "Uzito uende nyuma!"

Tukajibana nyuma, mimi, Truphosa, Sitati, sukari na sufuria. Makhanu hakusogea. Nicodemus akakanyaga. Gari halikwenda mbele. Lilikwenda chini. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani.

"Sasa mbona tunashuka?" Truphosa aliuliza.

"Sijui."

"Wewe si ndiye dereva?"

"Ndiyo. Na sijui!"

Sitati alijaribu kumpigia Jelagat. Simu haikuwa na mtandao. Aliangalia jua, akaangalia simu, akaangalia jua tena.

"Mimi nitatembea," alisema.

"Ufike peke yako, na jasho kama mwizi?" mama yake alisema. "Kaa."

Nicodemus alikuwa amechuchumaa karibu na gurudumu. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau: "Labda upepo hautoshi. Tungepata pampu, tuongeze."

Hakuna aliyebisha. Sisi sote hatukujua kitu. Tulikuwa watu watano waliooga vizuri, tumekaa katikati ya mto usio na maji.

Ndipo tukasikia injini. Nyuma yetu pikapu kuukuu ilishuka ukingoni ikiwa imebeba mbuzi. Iliingia mchangani pole pole. Ilikuja, ikatukaribia, Truphosa akapunga kitambaa. Dereva alikuwa mwanamke. Akapunga mkono pia. Kisha akatupita.

"Mmeona huyo?" Makhanu alisema. "Ametupita kama mizoga! Hawa ndio watu tunaotaka kuoa kwao?"

Pikapu ilifika ng'ambo, ikapanda ukingo, ikasimama pale penye udongo mgumu. Yule mwanamke akashuka, akarudi kwetu kwa miguu.

"Chamgei!" akatusalimu. "Kogo, hujambo?" Kogo ni bibi kwa lugha yao. Nilimpenda papo hapo.

"Sijambo, mwanangu. Tulidhani umetukimbia."

Akacheka. "Ningesimama hapa, tungekuwa magari mawili yaliyokwama. Mahali laini usisimame. Unapita mpaka upate pagumu." Aliitwa Fancy. Anabeba mbuzi kuwapeleka sokoni na kuwarudisha. "Mnaenda wapi na nguo nzuri hivi?"

Sitati akamwambia. Fancy akashika mdomo.

"Kwa kina Jelagat? Huyo mzee ni jirani yangu! Nimepita hapo asubuhi. Wazee wameshakaa. Haya, tuharakishe."

Aliinama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia.

"Nani alijaza matairi hivi?"

"Mimi," Nicodemus alisema, kifua mbele.

"Ni mawe. Toa upepo."

"Nitoe?"

"Toa."

"Dada, nimekwama. Sasa unataka niwe nimekwama na pancha?"

Fancy hakubishana naye. Alimgeukia Truphosa. "Dada, shuka usimame hapa karibu nami."

Truphosa alishuka na viatu vyake vya visigino virefu. Visigino vikazama mpaka vikaisha. Fancy alikuwa amevaa akala, zile ndala pana za tairi. Alisimama juu ya mchanga kama amesimama sebuleni.

"Nani mzito kati yetu?" Fancy aliuliza.

Truphosa alikuwa bado anavuta kisigino kimoja. Mimi nikamjibia. "Wewe, mwanangu. Sikufichi."

"Mimi ndiye mzito, lakini yeye ndiye amezama. Tairi lililojaa sana ni kisigino. Linagusa chini kidogo tu, linazama. Ukilipunguzia upepo, linalala, linakuwa pana kama akala. Linakaa juu."

Nicodemus aliangalia viatu. Akaangalia matairi. "Lakini Elburgon tunakaza upepo na tunakanyaga, na lori linatoka."

"Elburgon chini ya matope kuna nini?"

"Udongo mgumu."

"Kwa hiyo tairi linakata matope linaufikia. Hapa chini ya mchanga kuna mchanga. Utachimba ufike wapi, Kisumu?"

Hapo mwanangu alichota mchanga kiganjani, ukamponyoka. Alikuwa bado hajaelewa. Nilimwona anahesabu kichwani, na hesabu inakataa.

"Watu wote washuke," Fancy alisema. "Na mzigo pia."

Tukashuka. Makhanu alibaki amekaa.

"Mimi ni msemaji," alisema. "Kwetu mguu wa msemaji haugusi ardhi ya wakwe mpaka wamkaribishe mlangoni. Ni mila."

"Mila hiyo imeanza lini?" nikamuuliza. "Mimi nilizaliwa kabla yako na sijawahi kuisikia."

"Wewe ni mwanamke. Hukuambiwa."

"Basi mzee akae," Fancy alisema kwa heshima. "Lakini angalia ile milima. Lile wingu jeusi. Huu ni mto, mzee, umelala tu. Mvua ikinyesha kule juu, maji yanakuja hapa hata kama kwetu kuna jua. Hayapigi hodi."

Makhanu alishuka haraka kuliko Sitati.

Kazi ikaanza. Fancy alileta kipimo cha upepo kutoka kwenye pikapu. Akapima. "Arobaini na tano! Mlikuwa mnaenda kupasuka." Akambonyezesha Nicodemus kile kichuma kidogo cha tairi, upepo ukatoka ukilia. Uso wa Nicodemus ulikuwa kama wa mtu anayemwaga maziwa ya mtoto.

"Inatosha sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado. Pima. Ishirini, ishia hapo. Matairi yangu ni ya kazi, mbavu zake nene, mimi naweza kushuka zaidi. Haya yako ni ya lami, mbavu nyembamba. Ukishusha sana tairi litatoka kwenye rimu. Na likiwa laini hivi usikate kona kwa nguvu, na mawe uyakwepe."

Walifanya yote manne. Halafu ikabidi kuondoa mchanga mbele na nyuma ya magurudumu, na chini ya tumbo la gari. Hatukuwa na koleo. Macho yakaenda kwenye sufuria.

"Hapana!" Truphosa alisema. "Hiyo ni ya mkwe!"

"Mama," Sitati alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "bila mkwe hiyo sufuria utampa nani?"

Truphosa akaitoa. Tukachota mchanga kwa sufuria ya wakwe, na kwa kifuniko chake. Mimi nilisimamia. Umri wangu ni wa kusimamia.

Fancy akamwambia Nicodemus apande. "Four-wheel iko ndani? Weka ile gia ndogo, nzito. Kwanza rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe, hapo umeshapakanyaga. Magurudumu yakizunguka bure, acha mara moja, usichimbe. Ukisharudi kidogo, njoo mbele, fuata alama za pikapu yangu. Usukani unyooke. Mafuta ukanyage pole pole, kama unamwamsha mgeni. Na usipige breki. Ukitaka kupunguza, achia mafuta, mchanga wenyewe utakushika."

"Nikishatoka nisimame wapi?"

"Pagumu tu! Hata kama mama yako anakuita."

"Sitamwita," nikasema. "Nitatembea. Nyinyi nendeni."

Gari lilinguruma. Halikulia kama mwanzo. Likarudi nyuma taratibu, likasita, likaja mbele. Sitati alikuwa amefumba macho. Lilitupita karibu sana, matairi yamelala mbavu kama ng'ombe aliyeshiba. Liliendelea. Likapanda ukingo. Likasimama pagumu.

Sisi tulipiga kelele kama watu wa mpira. Nicodemus hakupiga. Alishuka, akayaangalia yale matairi, akayazunguka.

"Limetoka," alisema. "Na upepo kidogo. Mimi sielewi."

"Utaelewa ukiwa njiani," Fancy alisema. "Kutoka hapa mpaka kwao ni mchanga mchanga, endesha pole. Ukirudi lami usikimbie na upepo huu. Tairi laini likikimbia linapata moto, linapasuka. Pitia kwangu, nina pampu ya kutumia betri, tujaze tena kabla ya lami. Na ununue yako."

Tulirudisha mzigo garini, tukafika jua likiwa limeanza kuinama kidogo. Wazee wawili walikuwa wameshasimama na fimbo zao. Baba yake Jelagat alikuja mpaka kwenye gari. Makhanu alisafisha koo ili aanze hotuba yake, lakini yule mzee hakumwangalia. Aliangalia chini. Alibonyeza tairi kwa fimbo.

"Nani amewapunguzia upepo?"

Nicodemus angeweza kusema ni yeye, na mimi ningemsaidia uongo huo kwa furaha. Lakini alisema, "Jirani yako Fancy, mzee. Mimi nilikuwa nataka kuongeza."

Wale wazee wawili waliangaliana. Mmoja alianza kucheka, akalazimika kushika fimbo kwa mikono miwili. Baba yake Jelagat hakucheka.

"Na siku nyingine? Kama Fancy hayuko?"

"Nitapunguza mwenyewe, kabla sijagusa mchanga. Watu washuke. Halafu niende pole pole bila kusimama." Nicodemus alifikiria kidogo. "Na nitabeba pampu na koleo. Sufuria imeumia."

Mzee aligonga tairi kwa fimbo mara moja. Kisha akageuka kuelekea nyumbani. "Wekeni chai tena!" aliita. "Hawa watarudi."

Mahari walizungumza mpaka wakakubaliana, na Makhanu alipata hotuba yake, ndefu.

Harusi ilifanyika Agosti, huko huko kwao. Nicodemus aliongoza magari yote ya Nakuru. Kabla ya kufika mtoni aliyasimamisha pembeni, akashuka na kipimo, akaanza kutoa upepo tairi moja moja. Wageni walitoka wakipiga kelele.

"Nani huyo anaharibu magari ya harusi?" mchungaji aliuliza. "Mshikeni!"

"Mwacheni," nikasema. "Ni baba wa bwana harusi. Ana akili, ingawa haionekani."

Jelagat, aliyesafiri nasi kutoka Nakuru, alifungua mlango wa gari alilopanda. Alikusanya gauni jeupe kwa mkono mmoja, akachuchumaa kwenye vumbi, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Baba," alisema, "hili bado gumu. Toa kidogo."

Nicodemus akatoa.