Kaseti ya Mzee Lachman

Kila akitoka shuleni, Minza alipitia dukani kwa Mzee Lachman, pale Bariadi mjini, kwani mama yake, Domitila, alishona nguo kwenye baraza la duka hilo. Aliokota vipande vya vitambaa, akatunga uzi sindanoni, huku akimsikia mzee akihangaika na redio yake chumba cha nyuma. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yalijaa mitumba na redio kaseti, na vijana walitembea na muziki mabegani.

Redio ya Mzee Lachman haikuwa ya kuringia. Aliivutia waya hadi juu ya bati ili anase matangazo ya Kisindhi kutoka India. Yeye na jamaa zake walikimbia vurugu kwao Sindh India ilipogawanywa na Pakistan kuzaliwa, wakatawanyika. Dada yake, Gopi, aliangukia Bombay. Yeye akaja kuangukia huku kwenye pamba ya Wasukuma. Nyimbo alizozinasa alizirekodi, kisha akawapelekea Wasindhi wenzake wa Mwanza kwa basi. Wakishasikiliza, walimrudishia kaseti pamoja na habari zao.

Minza alikuwa hajiwezi kwa muziki wa dansi, ila kaseti hakuwa nayo. Siku moja mzee alikwenda benki, na Shija, muuzaji wake, alikuwa akipimia wateja vitambaa. Minza akanyata hadi chumba cha nyuma. Akajaribu kaseti moja: ikatatarika kama mafuta ya kukaangia, na sauti ya mwanamke ikasikika kwa mbali. Akajiambia kuwa hiyo imeshaharibika. Vijino vya plastiki vya nyuma yake vilikuwa vimevunjwa ili isirekodiwe tena, lakini Minza aliujua ujanja wake. Alisokota karatasi, akaziba matundu, akarekodi dansi kutoka redioni. Aliposikia mzee anarudi, aliirudisha haraka na kutoka.

Kesho yake mzee aliiweka kaseti ile, zikatoka tarumbeta. Alikaa chini sakafuni. Sauti iliyofutika ilikuwa ya Gopi, aliyealikwa redioni kule Bombay kuimba wimbo wa harusi wa kijiji chao, na Gopi alikuwa amefariki mwezi uliopita. Nakala haikuwepo. Wenzake wa Mwanza walikuwa waje Jumapili kuisikiliza.

Lawama zote zilimwangukia Shija, kwa kuwa ndiye aliyeachiwa duka siku ile, tena alipenda dansi. Aliapa, akalia, asiaminiwe. Aliambiwa ikifika Jumamosi aondoke. Minza alijua mke wa Shija amejifungua juzi huko Sapiwi. Hata hivyo alinyamaza. Kila jioni alimpita Shija, akaenda kutunga uzi kama kawaida.

Jumamosi alimwona Shija akifunga nguo zake kwenye shuka. Hapo moyo ulimshinda.

"Mayu, si Shija," alimwambia mama yake. "Ni mimi."

Domitila hakumpiga. Alizima cherehani, akamshika mkono, akamwingiza ndani aseme mwenyewe mbele ya wote wawili.

"Hukujua kilichomo, mtoto. Hilo nimekusamehe," Mzee Lachman alisema. "Lakini wiki nzima ulijua Shija hana kosa."

Kisha alimgeukia Shija na kumwomba radhi. Shija akafungua shuka lake, akarudi kwenye vitambaa.

Jumapili wageni walifika, wazee watupu, na mzee akamtaka Minza awaeleze. Alieleza yote. Hakuna aliyemgombeza, na hilo lilimuumiza kuliko fimbo. Bibi mmoja akajaribu kuuimba wimbo ule kwa kumbukumbu. Alifika katikati, akasita. Akawatazama wenzake, nao wakainamisha vichwa. Hakuna aliyekumbuka maneno yanayofuata.

Njiani kurudi nyumbani Minza alilia sana.

"Wimbo ule haurudi, ng'wanone, mwanangu, hata ukilia mpaka kesho," Domitila alimwambia. "Kitu cha mtu usichokijua, uliza kabla hujakigusa. Na ukikosea, sema mapema. Ungeendelea kunyamaza, Shija naye angepotea vilevile, na safari hii ungekuwa unajua unachokipoteza."