Mstari wa Chaki Kwenye Gurudumu

Kila Jumamosi nikimaliza kufua sare zangu, nilikwenda kwa shangazi. Shangazi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka mitatu alikuwa akiunda gari dogo la mbio uani kwake, mlango mmoja mwekundu, mwingine wa kijani. Majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe.

Siku hiyo tulilipeleka kwenye uwanja mtupu wa ghala kupima breki. Shangazi alichora mstari wa chaki kwenye kila gurudumu.

"Sikiliza, mwanangu. Nikikanyaga breki kwa nguvu, magurudumu ya mbele yanatakiwa yaache kuzunguka kwanza. Ya nyuma yakitangulia, gari litageuka na mimi ndani. Nikiwa kwenye usukani siyaoni. Tazama mistari, uniambie."

Akavaa kofia ngumu, akafunga mkanda, akaja mbio. Matairi yalipopiga kelele, nilifumba macho. Nilipofumbua, palikuwa na vumbi tupu.

"Yapi yametangulia?"

Niliona aibu. "Ya mbele. Mapema mno."

Akakaza skrubu iliyo karibu na pedali ili breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Mara ya pili nikafumba tena, nikajibu vilevile ili nisiumbuke. Shangazi akakuna kichwa.

"Mbona hainiingii akilini? Pedali inasema hivi, wewe unasema vile."

Akaingia chini ya gari, akapima, akatoka na oili puani, amechanganyikiwa kuliko alivyoingia. Hata mimi sikujielewa. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba kweli nimeona. Akakaza skrubu tena.

Mara ya tatu gari liliteleza upande wa nyuma, likazunguka, likasimama hatua moja tu kutoka ukutani, likitazama lilikotoka.

Nilimkimbilia. Shangazi alikuwa ameng'ang'ania usukani.

"Sielewi," alisema. "Sielewi kabisa."

"Shangazi, sikuona!" Nikaangua kilio. "Tangu mara ya kwanza nilifumba macho. Nilibahatisha tu."

Nilingoja anigombeze. Yeye akashuka, akairudisha skrubu ilipokuwa mwanzo.

"Kumbe! Nimeisumbua skrubu ya watu bure. Kufumba macho si kosa, hata mimi pale ukutani nilifumba. Lakini 'sikuona' nalo ni jibu, mwanangu. Ungenipa hilo, ningerudia tu. Umenipa la kubahatisha, nikaliamini, nikakaza breki kwa kulifuata. Mtu akikutegemea, mwambie unachokijua, na usichokijua mwambie hukijui."

Tukachora mistari upya. Akaja mbio, vumbi likaniingia machoni.

"Yapi?"

"Sikuona, shangazi."

"Haya, tunarudia."

Hakununa wala hakucheka. Aliporudi, nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Mstari wa mbele ukasimama. Wa nyuma ulikuwa bado unazunguka, kisha nao ukasimama, na gari likatulia limenyooka.

"Ya mbele!" nilipiga kelele. "Nimeyaona!"

Shangazi alitoa daftari lake, akaandika. Hakuniuliza kama nina hakika.