Picha ya Mama kwenye Kompyuta ya Chogo

Mimi naitwa Atupele. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Nanyala, kando ya barabara kuu. Kompyuta yangu ni ya zamani, ile ya chogo, ambayo kioo chake kimetokeza mgongo mkubwa nyuma. Watoto wa shule huicheka. Waache wacheke. Mama aliinunua baada ya kuuza kahawa, na nilijifunzia kuandika hapo hapo, nimekaa mapajani pake. Hadi leo nikiiwasha, ule mlio wake wa kwanza unanirudisha utotoni. Jamani, tangu afariki namkumbuka sana mama.

Jumatano moja baba yangu, mzee Yonasi, alikuja amevaa koti la kanisani.

"Kwaya inataka picha ya mama yako," alisema. "Jumapili wanaiweka ukutani. Itoe kubwa."

Picha ya mama tunayo moja tu. Yupo na wanakwaya wenzake, amesimama mwisho kabisa, upande wa kushoto. Ile ya karatasi ililowa mvua ikaoza. Iliyobaki imo ndani ya kompyuta.

Niliifungua. Ala! Mama alikuwa amepinda kama bua la mahindi lililopigwa na upepo. Hata ukuta wa kanisa nyuma yake ulikuwa umepinda.

"Ngoja nimnyooshe," nilisema.

Nikavuta huku, nikasukuma kule, mpaka akasimama wima kwenye kioo. Nikachapa.

Baba aliishika karatasi, akaisogeza karibu na macho. Uso wa mama ulikuwa umevutwa upande mmoja.

"Huyu siye Elizabeti," alisema.

Aibu iliyonipata! Nilidhani sijainyoosha vya kutosha. Nikataka kuihifadhi ilivyo, kisha niendelee.

"Dada, usihifadhi!"

Alikuwa Ombeni, fundi redio jirani yangu, aliyekuja kutoa kopi.

"Ukihifadhi hivyo, ile ya mwanzo inapotea," alisema. "Funga bila kuhifadhi."

Nikafunga, nikaifungua upya. Ombeni akaisogeza picha mpaka mama akawa katikati ya kioo. Ukuta nyuma yake ukanyooka!

"Umeona? Picha ni nzima. Kompyuta ndiyo inaionyesha vibaya pembeni."

"Kwa nini pembeni tu?" nikauliza.

"Ndani ya chogo kuna miale inayochora picha kwenye kioo. Katikati inafika vizuri. Kwenda pembeni inabidi igeuke sana, na kwa hizi za zamani mistari ya huko hupinda. Halafu wewe umeongeza balaa. Spika hii umeiweka hapa ya nini?"

"Nasikiliza kwaya."

"Ina sumaku. Sumaku inaivuta miale."

Akaiweka spika mbali. Pembeni kukapungua kupinda. Kisha akabonyeza vitufe vilivyo chini ya kioo, mpaka mistari ikakaribia kunyooka.

"Nikifungua huku nyuma, si nitamaliza tatizo kabisa?" nikauliza.

"Thubutu! Humo umeme hubaki hata ukichomoa waya. Unaua. Usifungue. Wewe kitu ukitaka kukinyoosha, kilete kwanza katikati ukione. Au chapa karatasi moja uangalie. Na hii picha iweke kwenye flashi leo leo, isibaki sehemu moja."

Nikaiweka kwenye flashi mbele yake. Nikachapa tena. Safari hii ukuta ulikuwa wima kabisa. Uso wa mama ulikuwa wake mwenyewe. Ila kichwa chake kilikuwa bado kimeinama kidogo pembeni.

"Hapa bado," nilisema. "Nimnyooshe kidogo tu?"

"Acha!" alisema baba. Alikuwa anatabasamu huku machozi yakimtoka. "Hapo hakuna kosa. Siku ile nilisimama kando ya mpiga picha, nimekubeba wewe. Ulikuwa unalia. Mama yako alikuwa anakuchungulia."

Nikaichukua karatasi, nikamtazama mama, naye akanitazama.

Jumapili waliitundika kanisani. Yupo pale hadi leo, ameinama vile vile.