Fuawe Iliyowatoa Watoto Darasani

Kila asubuhi mume wangu Nyaga huwasha moto wa makaa katika kibanda chake hapa Ishiara. Hutengeneza majembe na mapanga. Mimi hukaanga mandazi kando ya barabara, lakini kazi ya Nyaga ndiyo inayotulisha. Kazi hiyo ilikaribia kutuponyoka kwa sababu ya ubishi wake. Nikikumbuka, bado nakasirika.

Mwezi wa pili alinunua ekseli ya lori kwa mwuza vyuma chakavu. Ilikuwa na kichwa kipana, bapa kama sahani. Alisema ataifanya fuawe, yaani kile chuma kizito ambacho fundi huweka jembe la moto juu yake akiligonga. Fuawe ya dukani ni ghali, kwa hivyo hapo sikumlaumu. Aliikata ekseli, akaisimamisha ndani ya pipa tupu la mafuta, kichwa kikiwa juu, akaishikiza kwa mawe. Kisha akaanza kugonga.

Kengele ya shule zetu mnaijua. Ni rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mwalimu huigonga kwa nondo. Basi fuawe ya Nyaga ililia vivyo hivyo, na shule ya chekechea iko nyuma ya kibanda chetu, ng'ambo ya ua.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, watoto arobaini walitoka darasani mbio kwenda kunywa uji. Uji ulikuwa bado jikoni. Aliyewatangulia wote alikuwa Njoki, binti yetu. Siku ya pili walibeba mifuko wakaenda nyumbani, na wawili wakapatikana katikati ya barabara kuu.

Lydiah, mwalimu mkuu, alikuja kutuona. Aliongea kwa upole. Nyaga akamwambia shule itafute kengele nyingine. Niliona haya mpaka nikaangalia chini. Lydiah alijaribu filimbi, lakini haikusaidia. Watoto walikuwa wameshauzoea ule mlio, na hata waliobaki ndani hawakumsikia mwalimu. Mwishowe akaenda kwa naibu wa chifu. Tukaletewa habari kwamba kelele isipopungua kufikia Ijumaa, kibanda kitahamishwa sokoni.

"Baba Njoki, kibanda kikiondolewa tutakula nini?" nilimwuliza.

Alinijibu kwamba chuma ni chuma, lazima kilie. Nilichoka. Ningemjibu siku hiyo, soko lote lingetusikia. Nilivua aproni, nikaenda kumtafuta Cicily.

Cicily tunaimba naye kwaya, na anafundisha ufundi wa chuma katika chuo cha hapa. Nyaga alipomwona akiingia kibandani, aliendelea kugonga kana kwamba hakuna mtu. Cicily hakubishana. Aliomba nyundo, akagonga fuawe mara moja ikiwa ndani ya pipa. Ng'ambo ya ua tukasikia madawati yakisukumwa. Kisha akaomba tuitoe. Akailaza juu ya tairi kuukuu, akagonga tena. Ikatoa mlio mfupi tu.

Nyaga akainama, akachungulia ndani ya pipa.

"Chuma kikigongwa kinatetemeka, na huko kutetemeka ndiko kelele," Cicily alisema. "Pipa ni tupu. Linaichukua hiyo kelele na kuiongeza. Fuawe inataka kukalia kitu kizito kisicho na uwazi."

Tulipata kisiki cha mgunga, kigumu na kizito. Nyaga alichimba shimo, akakizika kisiki futi mbili, akashindilia udongo pembeni. Juu ya kisiki alitoboa tundu la kuingiza ekseli. Cicily akamwonyesha jinsi ya kuweka kipande cha mpira wa tairi kati ya kichwa cha ekseli na mti, na kukaza kwa kabari za mbao. Fuawe inayocheza hulia zaidi, alisema, tena inaweza kuruka. Chini ya ukingo wa kichwa alibandika sumaku ya spika iliyoharibika. Hiyo hupunguza mlio uliobaki.

Kisha Cicily alimpima Nyaga akiwa amesimama wima, mikono chini, ngumi zimefungwa. Uso wa fuawe ulitakiwa ufike kwenye ngumi, la sivyo mgongo ungemsumbua. Uso huo aliusawazisha kwa mashine ya kusagia chuma, akiwa amevaa miwani ya kazi.

Upande wa shule tulipanga magunia ya udongo mpaka kimo cha mtu. Nyaga alitaka kuyajaza vumbi la mbao kwa sababu ni jepesi. Cicily akamwuliza kama anataka kuchoma kibanda. Pia alimwagiza avae vifuniko vya masikio, maana kelele haikuwa imeisha yote na yeye ndiye aliye karibu nayo. Kazi za nyundo kubwa azifanye watoto wakishaenda nyumbani.

Ijumaa Lydiah alifika na naibu wa chifu, ambaye alikuwa ameshika barua. Walisimama kwenye meza yangu ya mandazi.

"Mama Njoki, mbona fundi hajafungua leo?" naibu aliuliza.

Niliwaonyesha kibandani. Nyaga alikuwa ndani, jembe jekundu juu ya fuawe, anagonga. Tulipotega sikio tulisikia du, du, kama jirani anayetwanga mahindi. Ng'ambo ya ua watoto walikuwa wakihesabu kwa sauti. Walifika hamsini bila hata mmoja kutoka. Naibu aliirudisha barua mfukoni. Lydiah alinishika mkono, akarudi shuleni.

Baadaye Nyaga akatoka, akavua vifuniko vya masikio, akauliza wale wageni walitaka nini. Nikamweleza. Akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba shida ilikuwa ni pipa.

Nilimpa andazi, arudi kazini. Majembe matatu yalikuwa yakimngoja, na kibanda kilikuwa bado chetu.