Vijiko Sita vya Chumvi

Kila akitoka shule, Prisila alipitia kwenye duka la uchapaji la shangazi yake, Yustina, pale mtaa wa Ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kusomeana. Shangazi alisoma mwandiko wa mteja kwa sauti, Prisila akifuata kwa kidole kwenye karatasi ya majaribio. Wakimaliza bila kosa, ndipo mashine iliwashwa.

Jumatano ile Shangazi alizidiwa na wateja. "Mwanangu, hii ya zahanati isome mwenyewe, neno kwa neno."

"Nimeshasoma," Prisila alijibu. Alichokuwa amesoma ni vichekesho vya simuni. Kwenye simu vidole vyake vilikuwa vyepesi kama kuku anayedonoa mtama. Kwenye kazi vilishikwa na usingizi.

Vipeperushi mia moja vikachapwa. Nesi Leodgar akavifunga kwenye pikipiki, akarudi kijijini kwake, njia ya Sikonge, ambako watoto wengi walikuwa wanaharisha.

Akifagia, Prisila aliokota kipeperushi kilichoharibiwa na wino. Kilieleza namna ya kutengeneza maji ya kumpa mtoto anayeharisha. Maji safi, lita moja. Chumvi, vijiko sita. Sukari, nusu kijiko.

Chumvi yote hiyo? Akautafuta mwandiko wa nesi: chumvi nusu kijiko cha chai, sukari vijiko sita. Angekikunja akakitupa, nani angejua?

"Shangazi, sikusoma. Nilidanganya."

Shangazi alikitazama, akazima mashine. "Mimi nimekosea kupanga maneno. Wewe ulikuwa wa kunikamata." Akampigia nesi. Hakupatikana.

"Tutume ujumbe kwenye kundi la kijiji," Prisila alisema, "vile vya kwanza vifutwe."

"Kilichobandikwa ukutani unakifutaje, mtaalamu wa simu? Vaa kofia, panda pikipiki."

Zahanatini walihesabu vipeperushi pamoja na nesi. Tisini na tisa.

"Kimoja nimempa Martha," Leodgar alisema taratibu. "Nusu saa iliyopita. Mwanawe ana mwaka mmoja."

Walikimbia. Martha alikuwa amepiga magoti uani mbele ya jagi, kijiko kimezama kwenye chumvi.

"Hicho cha ngapi, mama?" Shangazi aliuliza.

"Cha tano."

"Mtoto amekunywa?"

"Bado." Martha aliwashangaa. "Nesi aliniambia sukari ndiyo nyingi. Nilipofika hapa karatasi ikasema vingine, nikajua nimesahau mimi. Si imechapwa?"

Shangazi alimwaga maji yale, akamwomba radhi, wakaanza upya. Prisila alihesabu vijiko kwa sauti. Mtoto akanywa kidogo kidogo.

"Umemsikia Martha?" Shangazi alimgeukia Prisila. "Kila siku naulizwa nitafunga lini duka, eti simu imemaliza kazi yetu. Haijaimaliza. Ujumbe wa simu, mtu anauliza umetoka kwa nani. Karatasi iliyochapwa anaifuata kumpa mtoto wake dawa. Kwa hiyo ukichoka kusoma, niambie umechoka, nitangoja. Usiniambie umesoma."