Orodha ya Vyerehani

Fundi alikuwa akipinda suruali ya sare wifi yake alipoingia mbio, akihema.

"Wifi, majina ya watakaopewa vyerehani vya msaada yamebandikwa ofisi ya kata! Na lako limo."

"Kweli?" Fundi aliruka. Cherehani chake kilikuwa kimechoka, kinakata uzi ovyo.

"Limo. Ila wameandika na kifafa chako."

Fundi alikaa. Dawa zilikuwa zimemtuliza, na mbali na fomu ya maombi, siri hiyo waliijua wifi yake na daktari tu. Sasa nani angemletea kitambaa? Watu wana maneno.

"Twende tukaichane hiyo karatasi," wifi alisema.

"Msichane kitu!" alisema jirani yao, aliyekuwa mlangoni akisubiri gauni lake. Watu walimwita Bi Faili, kwa sababu alitunza mafaili ya ofisi miaka thelathini. "Orodha ni haki ya watu wote. Mkiiondoa, tutajuaje kama vyerehani havikwenda kwa mashemeji wa wakubwa?"

"Na mimi je, Bi Faili? Nianikwe kama nguo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Jina lako na kitu ulichopewa, sheria inataka watu wavione. Ugonjwa wako, sheria hiyo hiyo inaulinda. Lete kalamu tuandike barua."

Walifika ofisini bado ni asubuhi. Karani alisoma barua, akajikuna kichwa.

"Nilichapa jedwali zima la maombi, mama. Sikufikiria."

"Basi fikiria sasa, tunakusubiri," alisema Bi Faili, akavuta kiti.

Karani aliomba radhi. Akabandua karatasi, akabandika nyingine yenye majina na vyerehani tu. Shida za wengine kumi na mmoja nazo zikaondoka ubaoni.

Lakini nani alikuwa ameshasoma? Siku mbili nzima Fundi hakula vizuri. Mtu akipita dirishani, yeye anainamisha kichwa.

Siku ya tatu mteja aliingia na kitambaa cha mapazia.

"Fundi, nimeona jina lako ubaoni."

Mkono wa Fundi ulisimama. "Umeona na nini kingine?"

"Nimehesabu! Vyerehani kumi na viwili, majina kumi na mawili, na wote nawajua. Safari hii wakubwa hawakutuzunguka. Hongera sana! Haya, mapazia yangu lini?"

Fundi alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba siku tatu.

"Wiki ijayo," alisema. "Nitayashona kwa cherehani kipya."