Kofia ya Burul

Maua ya miti ya aprikoti yalipoanguka, mfereji wa kijiji uligeuka mweupe. Sayra aliyatazama yakielea polepole, kama ndoto isiyotaka kuisha. Kisha maji yakakatika. Maua yakalala kwenye tope.

"Baba Meerim, maji yamekatika tena," alimwambia mumewe, Toktosun. "Miti yetu iko mtaa wa chini, mwisho wa mfereji. Hali hii ikiendelea, mwaka huu hatuvuni kitu."

Toktosun alimega mkate wa moto. "Tumchague Satar awe diwani. Ni mtu wa kadiri. Ana suti, ana sauti ya upole. Ameahidi kuushughulikia mfereji."

"Na Burul je?"

"Yule mjane anayevaa kofia nyeupe ya mwanamume? Anayepita juu ya punda akiimba? Tangu lini kichaa akawa mtu wa kadiri?"

"Punda wake ana adabu kuliko watu wengi," Sayra alijibu.

Jirani yao Uulkan, mtunza maktaba, alikuwa amekuja kuomba chachu. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamgeukia Toktosun.

"Shemeji, hivi kadiri ni nini?"

"Ni utulivu. Ni mavazi ya heshima."

"La. Kadiri ni kipimo. Mtu wa kadiri hachukui vyote, wala hamnyimi mwenzake vyote. Aweza kuvaa vituko na bado akawa na kipimo. Na mwenye suti aweza kupita kiasi."

"Aa, kumbe unampigia debe Burul!"

"Kura ni yako, sikuchagulii. Waulize wote wawili swali moja: asiyekupa kura utamfanyaje? Kisha sikiliza jibu, usisikilize sauti."

Siku ya mkutano, uwanjani pa shule, Toktosun alisimama akauliza.

Satar alitabasamu. Sauti yake ilikuwa kama maziwa ya uvuguvugu. "Ndugu yangu, mtaa wa chini hawanitaki. Nitalifunga lango lao la maji mpaka washike adabu."

Baadhi ya watu walipiga makofi. Toktosun aliiona miti yake ikikauka.

Burul alijibu akiwa juu ya punda.

"Shuka kwanza, mama!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Nikishuka hamnioni, mimi mfupi!" Watu wakaangua kicheko. "Sikilizeni. Mtaa wa juu wapate maji mchana, wa chini usiku. Tukiona haitoshi, tukae tupime upya. Atakayeninyima kura atapata zamu yake vilevile. Na kofia hii ni ya marehemu mume wangu, mgawa maji. Yeye amepumzika. Kofia bado ina kazi."

Burul alishinda kwa kura chache.

Alfajiri moja Toktosun alisikia wimbo ukija na ukungu. Alidhani bado anaota. Alitoka nje. Miti yake ilikuwa imekunywa usiku kucha, na matunda madogo ya kijani yalijaa matawini. Huko mtaa wa juu, kofia nyeupe ilipita kandokando ya mfereji, ikasimama penye shamba la Satar.

"Satar, amka!" Burul aliita. "Maji yako haya, zamu yako imefika!"

Sayra alimgusa mumewe bega. "Kichaa wako huyo."

"Kichaa mwenye kipimo," alisema Toktosun. Akachukua koleo, akapanda kwenda kumsaidia kufungua lango.